Pima Silinda Kabla ya Kununua Ringi

(Maneno haya yalisemwa na sisi wa karakana mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili wale ambao hawakufika wayasome kwenye mikutano yao.)

 Karibuni chini ya mabati haya. Wale walio nyuma wasogee mbele, kwa maana leo hatutasema kwa mdomo tu. Tuna injini hapa mezani, imefunguliwa, na tungependa kila mmoja aiguse kabla ya kwenda nyumbani. Sabuni ya kunawa iko pale kwenye karai.

Tumeombwa tuseme juu ya pikipiki za vikundi ambazo zimezeeka. Mnajua ilivyo. Kikundi kinachanga muda mrefu, kinanunua pikipiki, asubuhi inabeba maziwa, mchana inabeba watu, na pesa zinaingia kitabuni. Baada ya miaka michache inaanza kutoa moshi wa bluu. Mlimani inalia tu, haiendi. Fundi wa sokoni anaisikiliza mara moja na kusema, "Hii inataka ringi." Mweka hazina anatoa pesa, ringi zinawekwa, moshi unapungua kwa mwezi mmoja hivi, halafu unarudi kama zamani. Sasa kwenye mkutano watu wanaanza kutazamana. Ni nani amekula pesa? Fundi ametudanganya? Ama dereva anaiharibu makusudi? Pikipiki imesimama, maziwa yanabebwa kwa kichwa, na maneno yanazidi.

Mara nyingi hakuna aliyekula pesa. Ringi zilikuwa mpya kweli, ila ziliingizwa ndani ya silinda iliyolika. Kwa hivyo neno letu kwenu ni hili: msinunue ringi, wala kitu kingine chochote, mpaka injini imefunguliwa na silinda imepimwa. Na kufungua na kupima mnaweza kufanya wenyewe, nyumbani, bila kuipeleka pikipiki mjini.

Tutatumia mfano wa Honda CG125, kwa sababu hiyo ndiyo mama wa nyingi mnazoziona. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970, wakiwafikiria watu ambao pikipiki kwao ni punda wa kazi, si kitu cha kutembelea Jumapili. Kule Brazil ilianza kuundwa mwaka 1976. Baadaye viwanda vya China vikaiga injini hiyo, na kati ya pikipiki zilizojaa hapa kwetu baada ya serikali kuondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, nyingi zina injini ya ukoo huo hata kama jina kwenye tangi ni lingine. Silinda yake ina upana wa milimita 56.5. Pistoni inapanda milimita 49.5 na kushuka vivyo hivyo. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka mara 100 kila sekunde, na kwa dakika moja imesafiri karibu mita 600 ndani ya kikopo kile kidogo. Sasa fikirini vumbi la barabara ya marram likiingia humo ndani. Ni kama msasa.

Uzuri wa injini hii ni kwamba ile kamshafti inayofungua valvu iko chini, inazungushwa na gia, na inasukuma valvu kwa vijiti viwili virefu, pushrodi. Hakuna mnyororo unaopanda mpaka juu. Ukiondoa hedi hujaharibu taimingi. Wenye Boxer na TVS, zenu zina mnyororo ndani unaofika kwenye hedi. Mengi tutakayosema yanawahusu pia, ila msiutoe mnyororo huo kabla hamjaonyeshwa zile alama zake na mtu anayezijua.

Kabla ya kushika spana, uliza injini inaumwa wapi. Tazama moshi kwanza. Ukitoka mwingi asubuhi unapoiwasha, halafu ukaisha, mara nyingi ni vile vizibo vidogo vya mpira kwenye valvu vimekauka, na oili imekuwa ikidondoka usiku kucha. Ukitoka wakati wote unapovuta mafuta, hasa ikiwa na mzigo, hapo shaka yetu ni ringi na silinda. Kisha jaribu kompresheni. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili ya injini kwenye tundu, piga kiki mara chache ili oili ienee, rudisha plagi, sasa piga kiki tena ukiwa umezima swichi. Kiki ikiwa nzito kuliko ilivyokuwa, basi hewa ilikuwa ikipita kwenye ringi, na oili imeziba mwanya kwa muda. Kiki ikibaki nyepesi vilevile, tazama valvu. Jaribio hili ni la bure, na tungependa lifanywe mbele ya watu wawili au watatu, si dereva na fundi peke yao.

Haya, tufungue. Chagua mahali pasipo na upepo wala vumbi. Kuku wafungiwe. Jiko na taa ya moto zikae mbali, maana petroli itamwagika tu, hata ukiwa mwangalifu namna gani. Hakuna mtu kuvuta sigara hapo. Ioshe pikipiki kwanza siku moja kabla, hasa pembeni mwa silinda, kwa sababu uchafu wa nje ndio utakaoangukia ndani.

Chukua kadibodi, chora injini kwa kalamu, vibaya tu, haidhuru. Kila bolti unayotoa ichomeke kwenye mchoro mahali ilipotoka. Bolti za injini hazina urefu sawa, na bolti ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi inapasua alumini. Jambo hili la kadibodi linaonekana la kitoto, lakini mafundi wazuri tunaowajua wanalifanya.

Toa tangi, ekzosi na kabureta. Toa kifuniko cha juu cha roka. Zungusha injini polepole mpaka pistoni iko juu kabisa na valvu zote mbili zimefungwa, yaani roka zinacheza kidogo ukizitikisa. Hapo hakuna kitu kinachosukumwa. Legeza nati nne za hedi kwa kuvuka, moja hapa na ya pili upande wa pili, robo mzunguko kila moja, mpaka zote ziwe huru. Ukifungua moja kabisa na kuacha tatu zimekaza, hedi inapinda. Ondoa roka, vuta pushrodi mbili, na kila moja uifungie karatasi ili irudi ilikotoka. Hedi ikikataa kutoka, igonge polepole kwa kipande cha mti. Bisibisi isiingizwe kati ya hedi na silinda. Alama moja tu pale itavuja maisha yake yote.

Silinda inafuata kwenda juu. Kabla haijaiacha pistoni kabisa, jaza kitambaa safi kwenye mdomo wa injini, pembeni mwa konrodi. Tunasema hili kwa nguvu. Kipande cha ringi iliyovunjika, au ile klipu ndogo ya pini ya pistoni, kikitumbukia humo ndani, kazi ya siku moja inageuka kazi ya kupasua injini nzima. Angalia pia vile vipini vya bomba na mipira midogo ya duara kati ya silinda na hedi. Kimoja ndicho njia ya oili kwenda juu. Kikisahauliwa, roka zitakauka.

Sasa tulia kwanza, usikimbilie dukani. Pistoni ni shahidi, isikilize. Ukiona mistari myembamba ya kijivu imesimama wima na kuenea pande zote, hiyo ni kazi ya vumbi lililoingia na hewa. Ukiona mabaka yamechubuka, hasa upande wa ekzosi, injini ilipata joto kupita kiasi au ilikosa oili. Masizi yenye unyevu wa oili juu ya kichwa cha pistoni yanaonyesha oili imekuwa ikipanda.

Kikundi kimoja kilileta pikipiki hapa kikiwa tayari kimekata shauri la kumfuta dereva. Walisema anaendesha bila oili. Tukawaambia walete wajumbe wawili na dereva mwenyewe, tukafungua mbele yao wote. Pistoni ilikuwa na mistari ya kijivu kila upande, lakini hapakuwa na mabaka ya kukosa oili. Tukapitisha kidole ndani ya ule mpira unaounganisha chujio la hewa na kabureta, kikatoka chekundu kwa vumbi. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo mtu hawezi kuona mpaka autoe. Kijana yule alikuwa na daftari, ameandika tarehe na kiasi cha oili kila alipoongeza. Hakufutwa. Na mpira mpya ulikuwa rahisi sana kuliko seti mbili za ringi ambazo walikuwa wamekwisha kununua, zote zikaliwa na vumbi lile lile.

Ndiyo sababu tunasisitiza injini ifunguliwe watu wakiwepo. Si kwamba hatuwaamini mafundi.

Sasa tunafika kwenye kupima, na hapa tutakaa kidogo. Fundi wa mjini ana kipimo cha saa cha kupimia silinda. Sisi hatuna, na nyinyi hamna. Lakini fila geji mnaweza kununua. Ni yale mabati membamba yaliyofungwa pamoja kama kisu cha kukunja, kila moja limeandikwa unene wake. Na chombo cha pili mnacho tayari, ni ile ringi ya zamani.

Toa ringi ya juu kutoka kwenye pistoni taratibu. Ringi ni chuma kinachovunjika, usiipanue kama bangili. Iingize peke yake ndani ya silinda, uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, mpaka chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki injini ikifanya kazi. Hapo silinda bado iko kama ilivyotoka kiwandani. Pima mwanya ulio kati ya ncha mbili za ringi. Andika. Kisha isogeze juu, kama sentimita moja kutoka ukingoni. Hapo ndipo silinda hulika zaidi, kwa sababu moto ni mkali na oili ni kidogo. Pima mwanya tena. Andika. Toa namba ndogo kwenye kubwa, na jibu uligawanye kwa 3.14. Hicho ndicho kiasi ambacho silinda imepanuka.

Mama pale ameuliza hii 3.14 inatoka wapi. Swali zuri, watoto wenu wa shule wanalijua. Mzingo wa duara ni upana wake mara 3.14. Kwa hivyo silinda ikipanuka kidogo tu, mwanya wa ringi unapanuka zaidi ya mara tatu, na kile ambacho jicho haliwezi kuona kinaonekana kwenye fila geji. Na haidhuru ringi ikiwa nzee, kwa maana tunatafuta tofauti kati ya chini na juu, si mwanya wenyewe.

Tuchukue mfano. Chini umepata 0.30, juu 0.45. Tofauti ni 0.15, gawanya, unapata karibu 0.05 ya milimita. Silinda hii bado ni nzuri. Ikiwa haina mikwaruzo inayoshika ukucha, na pistoni haichezi sana ndani yake, ringi mpya zitafanya kazi. Mfano wa pili: chini 0.30, juu 0.75. Tofauti 0.45, gawanya, ni 0.14. Mpaka wetu ni 0.10, ambayo ni kama unene wa karatasi ya daftari. Hii imepita. Ringi mpya humo ni pesa za kutupa, hata ziwe ringi za asili za Honda. Andikeni namba hizo mbili kwenye kitabu cha kikundi, pamoja na tarehe. Siku fundi atakapowaambia "inataka ringi tu", mtamsomea.

Kuna kitu kingine cha kukagua kabla pesa haijatoka. Shika konrodi kwa vidole, pistoni ikiwa imetolewa, na kichwa chake kikiwa juu kabisa. Ivute juu na uisukume chini, moja kwa moja. Kuyumba kidogo kwenda upande huu na huu ni kawaida. Lakini ukisikia hata tiki ndogo ya kwenda juu na chini, beringi ya chini imeisha. Simameni hapo. Kutengeneza sehemu ya juu na kuacha chini inagonga ni kujenga nyumba kwenye mchanga, kwa sababu kompresheni mpya itaimaliza haraka zaidi. Hapo rudini kwenye mkutano mkahesabu upya: gharama ya kupasua injini nzima, au kuiuza ilivyo na kumwambia mnunuzi ukweli. Sisi tunaona injini ya Honda yenyewe mara nyingi inastahili kupasuliwa. Hizi za kuiga, si zote.

Tuseme konrodi ni nzuri na silinda imepita mpaka. Kuna njia mbili. Silinda inaweza kuchongwa kwa mashine ipokee pistoni kubwa zaidi. Za Honda huja zikiwa zimezidi kwa 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 ya milimita, na namba huandikwa juu ya kichwa chake. Nunueni pistoni kwanza, halafu mpeleke silinda na pistoni pamoja, ili mwenye mashine achonge kwa kuipima pistoni hiyo hiyo. Asichonge kwa kukisia. Kazi hii ndiyo pekee ambayo haifanyiki nyumbani. Njia ya pili ni kununua bloki mpya na pistoni yake ndani ya boksi moja. Kwa pikipiki za kuiga, njia hii mara nyingi ni rahisi kuliko kuchonga, na wauzaji wa Kirinyaga Road kule Nairobi na wa miji yetu wanazo. Lakini nendeni na bloki ya zamani mkononi. Kuna za 125, kuna za 150 ambazo upana wake ni milimita 62, na boksi halisemi ukweli kila wakati. Waende watu wawili, na spea za zamani zirudi kwenye mkutano zionekane.

Hata bloki ikiwa mpya, ringi zake zipimwe. Iingize kila ringi ya kompresheni peke yake, upime mwanya. Tunataka kati ya 0.15 na 0.35. Ikiwa haina mwanya kabisa, siku ya joto ncha zitagongana na ringi itavunjika. Isuguliwe ncha kidogo kwa tupa laini, upande mmoja tu, na upime tena.

Wale ambao silinda yao ni nzuri na wanaweka ringi tu, msiiache iking'aa kama kioo. Sugua ndani kwa msasa laini uliolowa oili, mkono ukizunguka huku unapanda na kushuka, ili mistari ikatane kama wavu. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili mpaka ringi zikae. Baada ya hapo ioshe kwa maji moto na sabuni, si petroli, kwa maana petroli inaacha unga wa msasa kwenye vinyweleo vya chuma. Pangusa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na kijivu, osha tena. Kikitoka cheupe, ifute maji na uipake oili papo hapo, la sivyo itashika kutu mbele ya macho yako.

Hedi tutaipitia upesi kidogo. Masizi yakwanguliwe kwa kipande cha mwanzi au mti mgumu. Geuza hedi, mimina mafuta ya taa kwenye njia ya hewa na njia ya moshi, valvu zikiwa zimefungwa, ungoje. Yakipenya upande wa pili, valvu hazikai vizuri. Kutoa springi, tumia klampu ya seremala pamoja na kipande cha bomba kilichokatwa dirisha pembeni, ili uone vile vifungo viwili vidogo vya nusu duara na kuvitoa kwa sumaku. Kuna wale wanaogonga kwa nyundo na soketi. Vinatoka, ndiyo, na vinapotelea kwenye majani. Weka paste ya kusagia kidogo kwenye ukingo wa valvu, uizungushe huku na huku kama mtu anayewasha moto kwa ulimbombo, mpaka uone mstari wa kijivu usiokatika, wa upana mmoja, kwenye valvu na kwenye kiti chake. Kisha osha paste yote. Paste ikibaki itakula valvu, na ikishuka itakula silinda uliyotoka kuilipia. Vizibo vya mpira viwekwe vipya. Ni kitu kidogo cha bei ndogo.

Kurudisha. Kila kitu kipakwe oili safi. Pistoni ina neno IN limeandikwa kichwani. Hilo litazame upande wa kabureta. Ringi zina alama ndogo upande mmoja. Alama itazame juu. Mianya ya ringi isipangane mstari mmoja, igawanywe kuzunguka duara, kama mawe matatu ya jiko. Klipu za pini ziwe mpya, na mdomo wa klipu usikae kwenye ule mkato wa pistoni. Gasketi mpya, sehemu zote mbili zikiwa zimefutwa kavu. Silinda ishushwe na watu wawili, mmoja akibana ringi kwa vidole, mwingine akishusha bila nguvu. Ikikataa, usigonge. Inua uangalie ni ringi gani imetoka.

Nati za hedi zikazwe kwa kuvuka, kidogo kidogo, kwa mizunguko mitatu au minne, na za mwisho kwa spana ya kipimo kama kitabu cha pikipiki yenu kinavyosema. Spana hiyo iko hapa ya kuazima. Mzee pale anacheka, anasema mkono wake ndio kipimo. Tunauheshimu mkono wake, lakini hizo bolti zimeshikwa na alumini, na alumini haina heshima.

Mwanya wa valvu upimwe injini ikiwa baridi kabisa. Fungua vile vifuniko vya duara upande wa kushoto, zungusha mpaka alama ya T ilingane na alama ya mwili wa injini, na valvu zote mbili ziwe huru. Kwa Honda CG125 ni 0.08 ya milimita kwa zote mbili. Za kuiga fuateni kitabu chake. Mtu asiukaze mwanya ili injini inyamaze. Valvu isiyo na mwanya haifungi, moto unapita pembeni mwake, na kwa muda mfupi inaungua.

Badilisheni oili, inaingia karibu lita moja. Washeni nje, si ndani ya nyumba wala stoo, kwa kuwa moshi wa injini unaua bila harufu ya kukuonya. Moshi kidogo dakika za kwanza usiwatie hofu, ni oili mliyopaka. Msiiache ikinguruma imesimama kwa muda mrefu. Iendeshwe, na kwa kilomita 500 za kwanza isibebe magunia wala abiria wawili, na dereva abadilishe mwendo, asikae kwenye kasi moja. Najua mweka hazina hapendi kusikia hivyo, kwa sababu ni siku za mapato kidogo. Mziandike kwenye bajeti tangu mwanzo kama mnavyoandika ringi. Baada ya kilomita hizo oili imwagwe, isiwe karibu na kisima wala mto, na mwanya wa valvu upimwe tena.

Na kile kilichoua silinda ya kwanza kisiachwe mahali pake. Chujio la hewa likiwa la sponji, lioshwe kwa maji ya sabuni, likaushwe, lipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Wakati wa kiangazi fanyeni hivyo kila wiki. La karatasi lipigwe vumbi, na likichoka libadilishwe, lisioshwe. Ule mpira wa kwenda kabureta utolewe na kukunjwa kwa mkono uone kama una ufa. Oili tunashauri kila kilomita 1,500, na mapema zaidi kwenye vumbi, kwa maana injini hii haina chujio la oili la karatasi kama la gari. Dereva awe na daftari la oili, na kamati ilisome kila mwezi.

Fila geji mbili, klampu yenye bomba lake, na spana ya kipimo ziko kwenye kabati la karakana. Kikundi kinachotaka kuazima kilete barua ya mwenyekiti na kitabu chenye zile namba mbili za silinda, ya chini na ya juu. Vyombo virudi kabla ya siku saba, vikiwa vimefutwa oili. Sasa sogeeni mezani. Vikundi vya upande wa mto waanze, ringi iko ndani ya silinda tayari, na karatasi ya kuandikia hii hapa.